Neno 'funga' nusura lituletee msiba: Kwa nini lugha ya mafundi inastahili kuchunguzwa

Jumamosi moja asubuhi, soketi ya jikoni mwangu ilianza kutoa harufu ya plastiki inayoungua kila tulipochemsha maji kwa birika la umeme. Nilimwita fundi wa mtaani, mtu wa makamo ambaye amenitengenezea mambo mengi kwa miaka mingi. Siku hiyo alisaidiwa na mpwa wangu, kijana anayesomea uanagenzi wa umeme katika chuo kimoja cha ufundi. Fundi alisimama jikoni na bisibisi yake. Mpwa wangu alikuwa sebuleni, mbele ya kisanduku cha mita, akibadilisha fyuzi moja iliyolegea.

Baada ya dakika chache fundi aliuliza kwa sauti: "Umefunga?"

Kijana akajibu bila kusita: "Nimefunga!"

Fundi alikuwa anauliza ikiwa stima imezimwa. Kijana alikuwa anajibu kwamba fyuzi ameirudisha mahali pake, ameikaza barabara, na amewasha swichi kuu kama alivyofunzwa. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alisema Kiswahili ambacho Mkenya yeyote angekielewa. Lakini ndani ya ile soketi, volti 240 zilikuwa zinasubiri mkono wa mtu.

Fundi hakufa. Kilichomwokoa si Kiswahili wala Kiingereza, bali mazoea. Kabla ya kugusa waya wowote, yeye huugusa kwanza kwa testa, ile bisibisi ndogo yenye kitaa katika mpini. Kitaa kiliwaka. Aliteremsha mkono polepole, akanitazama, akasema: "Prof, huyu kijana alitaka kunizika leo." Mpwa wangu alipofika jikoni akaanza kujitetea: "Lakini mjomba, ameniuliza kama nimefunga, na nimefunga!"

Nimefundisha isimu kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimewaeleza wanafunzi wangu maana ya polisemia, yaani hali ya neno moja kubeba maana kadhaa zinazohusiana, mara nyingi nisizoweza kuhesabu. Sikuwahi kufikiria kwamba polisemia ingeweza kuua mtu jikoni mwangu. Ndiyo maana katika makala ya leo ningependa tuitazame kwa makini lugha ya karakana, gereji na ukarabati wa nyumbani. Ni lugha inayotumika kila siku nchini, lakini sisi wasomi tumeipita kama mtu anavyopita kando ya chuma chakavu.

Maana nyingi za 'funga'

Tuanze na chanzo cha kisa chenyewe. Kitenzi 'funga' kina maana ya msingi ya kuzuia kitu kisiachane au kisipite. Tunafunga mlango ili watu wasipite, tunafunga mfereji ili maji yasipite, tunafunga mzigo kwa kamba ili usiachane. Kutokana na maana ya kwanza, wazungumzaji wa Kenya wamepata 'funga taa', 'funga redio' na 'funga stima', wakimaanisha kuzima. Kutokana na maana ya pili, mafundi wamepata 'funga nati', 'funga kitasa', 'funga soketi', wakimaanisha kukaza kitu au kukiweka mahali pake kwa uthabiti. Ndiposa mtu anaweza kusema kwamba fundi amekuja 'kufunga stima' katika nyumba mpya, akiwa na maana kwamba ameiingiza nyumbani kwa mara ya kwanza!

Sasa ongeza juu ya hayo lugha ya darasani. Katika somo la fizikia, saketi 'iliyofungwa' ndiyo inayopitisha umeme, na saketi 'iliyo wazi' ndiyo isiyopitisha. Hapa mantiki ni kwamba duara limekamilika, waya umekutana na waya mwenzake. Kwa hivyo mwanafunzi aliyetoka darasani wiki hiyo hiyo ana sababu nzuri ya kuamini kwamba kufunga ni kuruhusu stima ipite, ilhali mama mwenye nyumba ana sababu nzuri vilevile ya kuamini kwamba kufunga ni kuizuia. Neno moja limebeba kitendo na kinyume chake.

Je, lugha yetu ni dhaifu? La hasha. Kila lugha hai ina maneno ya namna hii, na Kiingereza kina yake. Isitoshe, Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kuondoa utata huu, ila tumezembea kuvitumia. Tuna 'zima' na 'washa' kwa ajili ya stima. Tuna 'kaza' na 'legeza' kwa ajili ya nati na parafujo. Tuna 'unga' na 'kata' kwa ajili ya waya. Tuna 'chomeka' na 'chomoa' kwa ajili ya plagi. Kama fundi wangu angeuliza, "Umezima?" kijana angejibu, "Bado, nimewasha," na mimi nisingekuwa na makala ya kuandika.

Maneno ya kabati la vifaa

Ukifungua kisanduku cha vifaa cha fundi yeyote, unakutana na historia ya Afrika Mashariki nzima. Nyundo ni ya kale. Ni neno la Kibantu ambalo linapatikana, likiwa na mabadiliko madogo tu ya sauti, katika lugha nyingi za jamii hiyo: Waganda huita *ennyondo*, Wanyarwanda *inyundo*. Hii inatuambia kwamba mababu zetu walifua chuma muda mrefu kabla ya meli ya kwanza ya kigeni kutia nanga Mombasa.

Msumari ulitoka kwa Waarabu, ambao huuita *mismar*. Kufuli pia ni la Kiarabu. Usukani, ambao leo dereva wa matatu anauzungusha kwa mkono mmoja, ulikuwa kwanza usukani wa jahazi. Neno hilo ni la Kiarabu na maana yake ya asili ni kifaa cha kuelekezea chombo majini. Randa ya seremala na saruji ya mwashi zina asili ya Kiajemi, na gari lenyewe tulilipata kutoka Bara Hindi. Wareno, licha ya ubabe wao wote katika Ngome ya Yesu, walituachia parafujo na bomba. Kisha wakaja Waingereza na spana, jeki, breki, fyuzi, plagi, nati na skrubu.

Neno 'stima' lina safari ya kuchekesha zaidi. Liliingia likimaanisha meli inayoendeshwa kwa mvuke. Leo hapa Kenya ni jina la umeme, kiasi kwamba tunasema stima imepotea na stima imerudi, kana kwamba ni mbuzi. Watanzania nao waliamua kutumia umeme, yaani ule mwanga unaomulika mawinguni wakati wa mvua. Majina yote mawili ni mazuri, na fundi anayevuka mpaka wa Namanga anahitaji kuyajua yote mawili.

Kuna pia maneno tuliyoyatoa kwenye mazingira yetu. Msasa, karatasi ile ya kulainishia mbao, ulipewa jina la mti ambao majani yake yanakwaruza na yalitumiwa kwa kazi hiyo hiyo kabla ya viwanda kuleta karatasi. Pimamaji, kifaa cha kupimia usawa wa ukuta au rafu, kinajieleza chenyewe: ni maji yanayopima. Hakuna kamati iliyoweza kuunda jina bora kuliko hilo.

Ubunifu wa gereji

Nenda sasa Kirinyaga Road au Kariobangi, Nairobi, usikilize mafundi wa magari wakifanya kazi. Hutasikia istilahi za kamusi nyingi, lakini utasikia ubunifu. Gari hukohoa, hunywa mafuta, hukataa kuamka asubuhi. Betri hufa. Nati iliyosagika meno 'imeliwa'. Gia zina meno, koleo lina mdomo, injini ina kichwa. Fundi amelifanya gari kuwa kiumbe, na kwa sababu hiyo anaweza kumweleza mteja ambaye hajawahi kufungua boneti ni nini hasa kinachomsumbua mgonjwa huyo.

Spana hutajwa kwa namba. "Leta kumi na mbili," atasema fundi, na mwanagenzi anajua kwamba ni spana ya milimita 12. Kwenye magari mengi ya Kijapani yanayojaa barabara zetu, anayemiliki spana namba 10, 12, 14, 17 na 19 anaweza kufungua sehemu kubwa ya nati atakazokutana nazo. Halafu kuna ile spana inayopanuka na kubana, inayokubali nati ya kila ukubwa. Mafundi wa Kenya na Tanzania huiita 'spana malaya'. Nilipolisikia jina hilo mara ya kwanza nilicheka, kisha nikaona haya. Kama jina, linafanya kazi yake: halisahauliki. Lakini binti aliyejiunga na kozi ya umakanika, akiwa peke yake kati ya vijana ishirini wa kiume, hulisikia kwa namna tofauti na ninavyolisikia mimi. Nimependekeza kwa mafundi kadhaa tuiite 'spana geuzi'. Wengine wamekubali. Mmoja aliniambia, "Prof, wewe andika hivyo kwa kitabu, sisi tutaendelea hivi hivi." Hapo pana somo la isimujamii ambalo halihitaji mhadhara.

Mimi mwenyewe nimewahi kukosea kwa upande wa pili. Miaka ya nyuma nilikuwa mkali sana wa usanifu. Siku moja niliingia dukani kwa muuza vifaa vya ujenzi nikaomba bilula moja na parafujo kumi. Kijana aliyekuwa kaunta alinitazama kwa huruma, akasema: "Mzee, hizo dawa ulizia kwa kemisti pale mbele." Nilitaka mfereji na skrubu. Nilirudi nyumbani nikiwa na vyote viwili, pamoja na unyenyekevu kidogo. Tangu siku hiyo sioni kosa lolote katika 'skrubu', 'spana' wala 'jeki'. Neno la mkopo linaloeleweka na wote halimdhuru mtu. Linalodhuru ni neno, la mkopo au la asili, ambalo wawili wanalielewa kwa namna mbili.

Mfano wa gurudumu

Ili nionyeshe ninachomaanisha, chukua kazi ambayo kila mwenye gari anapaswa kuijua: kubadilisha gurudumu lililopata pancha. Watu wengi huieleza kwa vitenzi viwili tu, kufungua na kufunga. "Fungua nati, toa tairi, weka spea, funga nati." Ni maelezo mafupi, na ni maelezo ya hatari.

Kazi hiyo inahitaji vitenzi zaidi. Kwanza, egesha gari mahali tambarare na pagumu, vuta breki ya mkono, kisha weka kabari au jiwe mbele na nyuma ya gurudumu lililo upande wa pili. Pili, *legeza* kila nati kidogo, gurudumu likiwa bado chini. Tatu, *inua* gari kwa jeki ukiiweka mahali palipotengwa na mtengenezaji. Nne, *fungua* nati zote na uchomoe gurudumu. Tano, chomeka spea na urudishe nati kwa vidole, zikamate tu. Sita, *bana* nati kwa kuruka kutoka moja hadi ile inayokabiliana nayo, usizifuate kwa mzunguko, ili gurudumu likae sawa. Saba, *teremsha* gari. Nane, likiwa chini, *kaza* nati kwa nguvu kamili. Ukisafiri kilomita kadhaa, simama uzikague tena.

Ona tofauti kati ya 'legeza' na 'fungua', na kati ya 'bana' na 'kaza'. Anayeambiwa 'fungua' tu ataweza kuinua gari kwanza, kisha aanze kupambana na nati iliyokazwa huku akisukuma spana kwa mguu. Gari linalotingishwa likiwa juu ya jeki linaweza kuteleza na kuanguka. Na yule anayeambiwa 'funga' tu ataweza kukaza nati zikiwa hewani na kusahau kuzikaza tena chini. Kuhusu kuingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, bila stendi, sina haja ya kitenzi kingine isipokuwa 'usi-'.

Rangi za waya na sarufi ya rangi

Kuna eneo jingine ambapo sarufi yetu inakutana na hatari. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyochukua viambishi vya ngeli: -eusi, -eupe na -ekundu. Rangi nyingine tumezipata kwa kulinganisha na vitu: kijani kutokana na majani, kahawia kutokana na kahawa, kijivu kutokana na majivu, manjano kutokana na kiungo cha mchuzi. Kutokana na mpangilio huo, si ajabu mzungumzaji akaita kitu cha kahawia 'chekundu', au kitu cha buluu iliyokolea 'cheusi'. Katika mazungumzo ya nguo, hakuna neno. Katika mazungumzo ya waya, kuna neno kubwa.

Katika utaratibu unaotumika sasa, waya wa kahawia ndio wenye moto, wa buluu ni nyutro, na wenye mistari ya kijani na manjano ni wa kwenda ardhini. Katika nyumba za zamani, waya mwekundu ndio wenye moto, mweusi ni nyutro, na wa kijani ni wa ardhini. Nyumba nyingi zina mchanganyiko, kwa sababu fundi mmoja alikuja mwaka huu na mwingine alikuja miaka arobaini iliyopita. Mtu akikwambia kwa simu, "Shika ule mweusi, hauna kitu," muulize mweusi gani. Katika nyaya mpya za umeme wa fezi tatu, mweusi ni mmoja wa nyaya zenye moto! Kwa hiyo tusione aibu kusema 'kahawia' kwa ukamilifu wake, hata kama ulimi unataka 'nyekundu'. Na baada ya kusema, tutumie testa.

Tufanye nini?

Katiba ya 2010, katika Ibara ya 7, iliifanya Kiswahili lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Hata hivyo, mwanagenzi anayeingia chuo cha ufundi leo atasoma vitabu vya Kiingereza, aandike mtihani kwa Kiingereza, kisha aende kufanya kazi mahali ambapo maagizo yote hutolewa kwa Kiswahili cha mtaani. Kati ya lugha hizo mbili pana pengo, na ndani ya pengo hilo ndimo mpwa wangu alimosimama siku ile. Kinyume chake, nimekutana na mafundi wa jua kali wenye uzoefu wa miaka ishirini ambao wanaogopa kujiandikisha kwa majaribio ya serikali ya daraja la tatu, si kwa sababu hawajui kazi, bali kwa sababu hawajui maswali yataulizwa kwa maneno gani.

Wapo watakaosema kwamba ufundi ni Kiingereza kwa sababu katalogi za vipuri ni za Kiingereza. Ninakubali nusu. Majina ya vipuri yabaki yalivyo. Hakuna faida ya kuliundia kila kipuri jina ambalo muuzaji halijui. Ninachokipigania ni vitenzi na maonyo. Vifaa hununuliwa kwa majina, lakini watu huumia kwa vitenzi. Idara zetu za Kiswahili zingefanya jambo la maana kama zingewatuma wanafunzi wa uzamili Kamukunji na Gikomba na daftari, wakusanye maneno ya kazi jinsi yanavyotumika, wayalinganishe, kisha wakae na mafundi wenyewe wachague yale yasiyo na utata. Kazi ya msomi hapo ni kusikiliza kwanza. Tukumbuke kwamba 'fundi', 'fundisha' na 'mwanafunzi' ni maneno ya ukoo mmoja.

Tukisubiri hayo, nyumbani kwangu tumeshapitisha sheria. Mpwa wangu amebandika karatasi mbili kwenye kisanduku cha mita. Juu ameandika WASHA, chini ameandika ZIMA. Anayezima hutaja kwa sauti, "Nimezima," na aliye jikoni hurudia, "Umezima." Neno 'funga' tumeliachia milango. Hata mama watoto, ambaye amesema 'funga taa' tangu tulipooana, sasa hujirekebisha katikati ya sentensi, ingawa hufanya hivyo akinikazia macho.

Fundi naye alirudi wiki iliyofuata kumalizia soketi. Kabla ya kuanza alimwita kijana jikoni, akampa ile testa, akamwambia ajaribu mwenyewe mbele yake. Kitaa hakikuwaka. "Sasa," alisema, "hata kama umesema Kichina, nitafanya kazi."

Msomaji, mafundi wa kwenu wanatumia neno gani kwa kuzima stima, na neno hilo hilo lina maana gani nyingine? Ukikutana na fundi wiki hii, muulize, na umwandikie majibu yake. Huenda maneno hayo yakatufaa sote.